Milio Ishirini Nyuma ya Ukuta

Mtu akifika mlangoni kwake na bunduki peke yake, alirudishwa. Hakupewa hata kiti. Fundi aliinua macho kutoka kwenye jiliwa, kile kibano cha chuma cha mezani, akaitazama bunduki kama daktari aliyeletewa mgonjwa nusu, akauliza, "Umekuja na magazini yake?" Kama jibu lilikuwa hapana, au lile la kawaida, "Iko nyumbani, Fundi, lakini hiyo haina shida," aliyarudisha macho kazini. "Kailete. Hapa hatukai na mtu aliyekuja mikono mitupu."

Nimeishi naye ukuta mmoja kwa miaka kumi na saba, Kaloleni, katika nyumba ya vyumba sita inayozunguka ua wa saruji wenye bomba moja. Nilihamia pale nikiwa na shahada ya falsafa, godoro, na nia ya kukaa miezi mitatu. Sijui alizaliwa wapi. Mama mwenye nyumba alisema Kondoa, muuza mkaa alisema Tabora, na mwenyewe nilipomuuliza alijibu kwamba wanaouliza hivyo wanataka ama kukuoza au kukuzika, na yeye hakuwa na haraka na lolote kati ya hayo. Tuliachia hapo. Jina lake lilikuwa kwenye leseni iliyotundikwa ukutani ndani ya fremu, lakini hakuna aliyelitumia. Alikuwa Fundi. Mimi alinipa jina la Msomi, na namna alivyolitamka sikuwahi kulihesabu kuwa sifa.

Kazi yake ilikuwa bunduki za watu wenye vibali: wawindaji, wenye mashamba, na walinzi wa wanyamapori wa pande zote za mlima ulio juu ya mji wetu. Bunduki za risasi moja moja alizitengeneza kwa adabu na kuzisahau. Zilizomkosesha usingizi ni zile zinazojipakia zenyewe, ambazo ukishafyatua mara moja, chuma kinarudi nyuma, kinakuja mbele, na njiani kinachukua risasi nyingine kutoka kwenye magazini, kile kisanduku cha bati kinachochomekwa chini. Mteja akisema "inakwama", Fundi hakuigusa bunduki. Alianza na kisanduku.

"Magazini ni foleni tu," aliniambia siku moja tukitazama wanawake walivyopanga ndoo bombani. "Humo ndani watu wamepangwa, na nyuma yao yupo anayewasukuma. Hiyo ndiyo springi. Huku juu kuna mlango. Mlango ukipanuka, wanatoka wawili kwa pamoja, wanabanana. Ukibana, hatoki mtu. Anayesukuma akichoka, wa mbele anachelewa kufika, mlango unafunguka na kufungwa yeye hayupo. Na kukiwa na uchafu njiani, mmoja anainamisha kichwa, wote wanasimama nyuma yake. Wewe ukifika unaona foleni imesimama, unamtukana karani."

"Karani ndiye bunduki?"

"Umesoma kweli."

Basi alikuwa akiimwaga ile magazini juu ya kitambaa cheupe. Alipitisha kidole kwenye midomo ya bati pale juu kutafuta mahali palipopinda, akabonyeza kibao kinachobeba risasi aone kama kinapanda sawa au kinalala upande, akaitoa springi na kuisimamisha kando ya nyingine mpya kulinganisha urefu. Vumbi alilipuliza kwenye kiganja na kulitazama. Lile la upande wa kaskazini, jepesi kama majivu, alilijua kabla hujamwambia unakotoka. "Umetia mafuta mengi," angesema. "Mafuta na vumbi hili unapata uji. Safisha, kausha, acha."

Kulikuwa na bwana mmoja mwenye shamba la maua aliyekuja na bunduki ya bei kali na karatasi alizochapa kutoka kwenye mtandao. Alikuwa ameshabadilisha springi za ndani, ameshasugua chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuliwa, ameshabadilisha aina ya risasi mara mbili. Bado ilikwama. Fundi alizipokea karatasi kwa mikono miwili, akaziweka chini ya birika la chai lisichafue meza. Kisha akachukua magazini nyingine ya bunduki kama ile, akaijaza risasi zake za shaba zisizo na baruti, akaichomeka kwenye bunduki ya yule bwana na kuzipitisha zote kwa kuvuta na kuachia. Hakuna iliyokwama. Akachukua magazini ya yule bwana, akaichomeka kwenye bunduki nyingine. Risasi ya nne ikasimama wima kama mshumaa.

"Bunduki yako haina kosa," alimwambia. "Umeitesa bure."

Kanuni yake ilikuwa hiyo tu: badilisha kitu kimoja, halafu nyamaza utazame. Aliitumia kwa redio, kwa jiko la mafuta ya taa, kwa maumivu ya mgongo. Mwaka ambao mke wangu aliondoka, alinikuta nimekaa kwenye ngazi ya ua, akaketi ngazi ya chini yake. Nilimweleza kwamba nilijitahidi. Katika mwezi mmoja nilikuwa nimeacha pombe, nimeanza kwenda ibadani, nimebadilisha kazi na nimenunua kitanda.

"Vinne," alisema. "Kwa mara moja?"

"Kwa mara moja."

Alitikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu. "Sasa hutajua kamwe ni kipi."

Alipomaliza kutengeneza bunduki, aliiwekea alama yeye mwenyewe: tone la rangi ya kucha kwenye kitako, na tone la rangi hiyo hiyo kwenye kila magazini yake, zisije zikachanganywa kambini. Rangi alizinunua kwenye duka la vipodozi la Mama Salha, mtaa wa pili, na mama yule hakuwahi kumwachia apite hivi hivi.

"Fundi, leo bibi harusi ni nani?"

"Yuko Oldonyo Sambu. Ana ndevu."

"Anapenda rangi gani?"

"Isiyotoka kwa jasho."

"Hao ndio wanaume wa kuolewa nao. Wewe mwenyewe sijui unasubiri nini."

Alicheka mpaka akafika kona. Baada ya kona sikuwahi kumwona akicheka. Najua, kwa sababu mara kadhaa nilikuwa nyuma yake na mkate wangu.

Mtu huyu aliyeshika bunduki kila siku alikuwa akiogopa mlio. Tuko karibu na uwanja wa mpira, na siku za mechi, goli likiingia, ule mngurumo wa watu unakuja juu ya mabati kama mawe. Fundi alifunga madirisha tangu asubuhi na kujaza pamba masikioni. Hakuwahi kufyatua risasi ya kweli mbele yangu. Kazi hiyo aliwaachia wenye bunduki, mbali huko porini, wampigie simu. Nyama ya porini hakula. Alipanga tupa zake za kusugulia chuma kwa urefu kama wanafunzi kwenye paredi, lakini shati lake lilikosa vifungo viwili tangu nilipomfahamu. Na hakuweza kuvunja kitu. Springi iliyochoka, skrubu iliyoliwa, bati lililopinda, vyote viliingia kwenye makopo ya maziwa chini ya kitanda. Cha mtu alimrudishia mwenyewe, hata kama hakifai. "Mali ya watu," alisema.

Siku ya Idi alipika pilau ya watu sita, akagawa sahani tano, akala ya sita peke yake mlango ukiwa wazi nusu. Mimi nilimletea ndizi kutoka kwetu mlimani, juu ya Maji ya Chai, ambako mama yangu bado analima na bado anaamini nafundisha chuo kikuu. Tulipokezana mlangoni. Yeye hakuingia kwangu, nami kwake niliingia akiwa kazini tu, nikikaa kwenye kreti na kuuliza maswali ya kipumbavu. Nilidhani huo ndio ujirani mwema. Nilikuwa nikiandika wakati ule makala ndefu kuhusu upweke wa watu wa mijini, na nakumbuka niliona kero kwamba kelele za tupa za jirani zinanikatiza.

Miaka tisa iliyopita aliletewa bunduki tatu za kampuni moja ya uwindaji, ambayo siku hizi haipo, na iliyokuwa na walinzi wake upande wa kaskazini wa mlima. Alizisafisha, akazifanyia magazini springi mpya. Magazini moja aliikataa. Springi yake ilikuwa imelegea na midomo imechoka. Aliwaambia walinzi wawili waliokuja kuchukua vifaa kwamba ile wasiitumie tena. Akaiweka kwenye mfuko pamoja na nyingine, akawakabidhi. Nilikuwepo, juu ya kreti langu. Mmoja wa walinzi alikuwa kijana mrefu anayeitwa Saruni, ambaye bunduki yake ilipata tone jekundu, na ambaye alisema kwa kuwa amepakwa rangi ya kucha sasa anangoja na hereni.

Wiki moja baadaye nyati alitoka kichakani mbele ya Saruni. Alifyatua ya kwanza. Ya pili haikupanda. Nyati akamvunja paja.

Bunduki ilirudishwa Kaloleni na msimamizi wa kampuni, mtu mwenye haraka, ikiwa na magazini yake ndani, tone jekundu kwa tone jekundu. Alitaka kujua ni nini kilichoharibika. Fundi aliomba siku mbili. Aliipitisha magazini ile risasi mia kadhaa za shaba. Aliijaza yote, akaijaza nusu, akaipaka vumbi, akaiacha nje kwenye baridi ya alfajiri. Haikukwama hata mara moja. Siku ya tatu msimamizi alipokuja, Fundi angeweza kusema kwamba kifaa ni kizima. Ulikuwa ukweli, na ungemtosha. Alisema, "Sijaliona kosa bado. Lakini kazi ni yangu, na mtu ameumia."

Msimamizi aliandika alichotaka kuandika. Bunduki alikwenda nayo. Ile magazini aliiacha mezani, akisema hakuna mlinzi atakayekubali kuibeba. Juma lililofuata Fundi alishusha leseni kutoka ukutani, akaifuta vumbi fremu yake, akaipeleka mwenyewe kwa waliompa. Hakuna aliyemlazimisha. Kibao cha mlangoni alikipaka upya: FUNDI CHEREHANI, yaani wa kuzitengeneza, si wa kushona. Cherehani nayo, aliniambia, ni kusukuma kitu kipite kwa zamu, sema kikikwama hapo anayeumia ni kitambaa.

Na Jumamosi ya kwanza baada ya hapo, alasiri, alipotoka msikitini, nilisikia mlio kupitia ukutani.

Alikuwa ametengeneza kiunzi cha mbao chenye tundu la kuchomeka magazini, na juu yake kipande cha chuma kilichovutwa na mpira wa tyubu ya gari. Unavuta, unaachia, chuma kinaruka mbele na kuisukuma risasi ya shaba nje, kama bunduki inavyofanya. *Tk.* Inaanguka kwenye kitambaa. Unavuta tena. *Tk.* Ishirini. Kisha kimya cha kujaza upya, kisha ishirini nyingine. Saa nzima. Jumamosi iliyofuata tena. Na iliyofuata.

Nilimuuliza mara moja tu.

"Kosa lililojitokeza mara moja lipo," alisema. "Halijaondoka. Limekaa humu linanitazama."

"Na kama halimo humo, Fundi?"

"Basi limo humu." Akanyoosha mikono yake miwili juu ya kitambaa, kana kwamba ni vifaa vya mteja. "Nataka kujua kama ni mimi niliyemvunja yule kijana mguu. Hilo tu, Msomi. Nikijua, hata kama ni mimi, nitalala."

Hakulala kwa miaka tisa. Nami nilihesabu pamoja naye. Nilikuwa nakaa mezani upande wangu wa ukuta, kalamu mkononi, nikihesabu mpaka ishirini, na isipokwama nilishusha pumzi, sijui kwa nafuu au kwa masikitiko, kisha nikarudi kwenye sentensi yangu. Wateja wa zamani waliacha kuja. Mama Salha aliacha kutania, kwa kuwa hapakuwa tena na rangi ya kununua. Alizeeka kwa namna ya watu wasiotazamwa, yaani ghafla, kila mara ukikumbuka kutazama. Mikono ilianza kutetemeka, na muda kati ya *tk* moja na nyingine ukarefuka.

Mwaka huu, kabla ya mvua, nilikwenda Oldonyo Sambu kwenye mnada wa mifugo. Nilitumwa na gazeti niandike kuhusu bei za mbuzi, jambo ambalo nalijua kama ninavyojua mengine. Kwenye meza ya dawa za mifugo alikuwa amekaa mtu mrefu, mkongojo umelazwa kando, akimweleza mteja kwa Kimaasai kiasi gani cha dawa ya minyoo kinafaa. Akanitazama, kisha akahamia Kiswahili.

"Wewe ulikuwa unakaa juu ya kreti."

Ilinichukua muda. "Saruni?"

"Nilipata tone jekundu," alisema. "Hereni bado nangoja."

Tuliulizana habari. Akauliza, kama mtu anayeuliza kuhusu duka alilowahi kupita, "Na yule mzee wa bunduki yupo?"

"Yupo. Hatengenezi tena. Kila Jumamosi anaipima magazini yako. Miaka tisa sasa, anatafuta kilichoifanya ikwame."

Saruni aliweka chini chupa aliyokuwa ameshika. "Magazini ipi?"

"Ile yenye tone jekundu."

"Ile haikuwa kwenye bunduki siku ile," alisema.

Akanieleza akitazama mbuzi, si mimi. Magazini zilizotengenezwa upya zilikuwa na springi ngumu. Kuzijaza risasi ishirini kulikuwa kazi, kidole gumba kinauma, na kijana mwenye haraka ya kwenda doria hapendi. Ile ya zamani iliyokataliwa ilikuwa laini. "Unaijaza huku unapiga hadithi." Basi akaibeba ile, na yenye tone jekundu akaiacha kambini. Wala si yeye peke yake. Kila mlinzi aliipenda ile kwa ulaini wake, waliigombea. Nyati alipokwisha kuondoka, mlinzi mwenzake alimkuta Saruni chini, akaelewa haraka kuliko alivyowahi kuelewa kitu. Msimamizi akikuta magazini iliyokatazwa, Saruni angefukuzwa palepale, na hospitali, bila kampuni kulipa, wangemtupa mlangoni. Akakimbia kambini, akaleta yenye tone, akachomoa moja na kuchomeka nyingine.

"Nilikuwa nalia, lakini nilimwona. Alinifanyia wema," Saruni alisema. "Mzee sikumfikiria. Nilidhani fundi kama yule ana kazi nyingi, atasahau."

"Hakuwa na kazi nyingine."

Aliinua ile chupa, akairudisha mezani. Kisha akasema ile ya zamani anayo, nyumbani, ndani ya kibuyu kilichopasuka, kwa sababu hakujua mtu anakitupa wapi kitu kama kile.

Tulimkuta Fundi Jumamosi, alasiri, kiunzi kiko mezani. Saruni aliinamisha kichwa kupita mlangoni.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba." Alimtazama usoni, kisha mguu, kisha akatazama kando haraka. Nikagundua, nikiwa nimesimama pale na mikungu yangu ya ndizi, kwamba katika miaka yote hiyo hakuwahi kwenda kumwona. Mabasi ya Oldonyo Sambu yanaondoka kila siku. Alikuwa amekaa na bati.

Saruni hakujua aanzie wapi, kwa hiyo aliitoa magazini kwenye mfuko wa koti na kuiweka juu ya kitambaa cheupe. Ilikuwa na kutu, haina tone lolote. Akasema yote, vile vile alivyoniambia mimi, bila kujitetea. Fundi alisikiliza mikono yake ikiwa imetulia juu ya meza, jambo ambalo sikuwa nimeliona kwa muda mrefu.

Aliifuta kutu kwa brashi, akachukua risasi za shaba, akaanza kuzijaza. Kidole gumba kilizama bila upinzani.

"Laini," alisema.

"Laini, Mzee."

Akaichomeka kwenye kiunzi. Akavuta, akaachia. *Tk.* Akavuta tena. *Tk.* Ya tatu haikutoa mlio huo. Ulikuwa mlio mfupi, butu, kama mtu aliyeanza neno akaliacha. Risasi ilikuwa imeinamisha pua ndani, na chuma kimekaa juu ya mgongo wake.

Sote watatu tuliitazama. Nilitegemea afurahi. Katika makala zangu mtu akifika hapo hufurahi, au hulia.

"Niliwarudishia mkononi," alisema.

"Ulitukataza, Mzee. Nilisikia kwa masikio yangu."

"Nilikataza kwa mdomo. Nyundo ilikuwa hapo." Aliionyesha, mahali pake, kati ya nyundo nyingine mbili. "Kitu kibovu kilicho laini, nani atakiacha? Ningejua. Ndiyo kazi yangu kujua."

"Mimi ndiye niliyeibeba."

"Wewe uliibeba. Mimi nilikupa." Akafikiri kidogo, akalipima neno hilo kama anavyopima springi, likamkaa sawa. "Haya. Sasa najua."

Kisha akavuta kiti chake nyuma, nafasi ikapatikana kati ya meza na mlango, na kwa mara ya kwanza akamtazama vizuri.

"Tembea nikuone."

Saruni aliegemeza mkongojo ukutani. Akaenda mpaka mlangoni, akarudi. Fundi alifuatisha kwa macho kama alivyofuatisha chuma kikienda na kurudi, miaka ile.

"Tena. Polepole."

Akaenda tena.

"Inakwamia nyongani," Fundi alisema. "Si pajani."

"Nyongani, Mzee. Asubuhi za baridi hasa. Hakuna aliyewahi kuniuliza."

"Kaa."

Waliongea muda mrefu kuhusu ule mguu, kuhusu kiatu kimoja kuongezewa soli kiasi cha kidole, kitu kimoja tu kwanza, halafu kusubiri na kutazama. Mimi nilikaa kwenye kreti, ndizi zangu miguuni. Kabla Saruni hajaondoka, Fundi aliiweka magazini ile katika meno ya jiliwa na kushika mpini. Sikuwahi kumwona akivunja kitu. Alizungusha mara mbili, mikono ikaanza kutetemeka, mpini ukasimama. Saruni akainuka, akaweka mkono wake juu ya ule wa mzee, wakazungusha pamoja mpaka bati likajikunja na springi ikachungulia pembeni.

Jumamosi iliyofuata nilikaa mezani kwangu alasiri. Nilimsikia akirudi kutoka msikitini, nikasikia ufunguo, kiti kikivutwa. Nikangoja. Hapakuwa na mlio. Nilihesabu hata hivyo, kwa mazoea, mpaka ishirini, kisha tena mpaka ishirini. Upande wa pili mtu alikohoa mara moja. Nikawaza kwamba kwa miaka tisa kosa lile lilikuwa limemtembelea kila juma bila kukosa, na kwamba mimi mwenyewe, mwandishi wa upweke wa watu wa mijini, nilikuwa nimejiweka foleni nyuma yake.

Nikatoka nje. Kutoka mlango wangu hadi wake ni hatua saba. Nikabisha.

Alifungua, shati halina vifungo viwili. Alinitazama usoni, kisha mikononi, huku na huku, akitafuta ndizi, au cherehani, au swali.

"Umekuja na nini, Msomi?"

"Sijaja na kitu, Fundi."

Alisimama pale, mkono juu ya komeo, akiyapima maneno yale. Kisha akasogea pembeni.

"Kiti kile pale," alisema. "Kreti liache."